Chaki Nyeupe

Jumanne ile, saa nane kasoro dakika kumi mchana, mashine ya kola ilikuwa kimya. Mashine nyingine kumi na tatu zilikuwa zinakwenda, kwa hiyo mpita njia asingejua lolote. Lakini ndani ya karakana ile ya sare za shule kila fundi alijua sauti ya mashine ya jirani yake kama anavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwake. Waliinua vichwa mmoja mmoja, wakatazama kiti. Kijiti cha kusukumia ncha za kola kilikuwa juu ya meza. Mwenyewe hakuwapo.

Kazi pale ilikwenda kwa mnyororo. Huyu anashona mabega, huyu mikono, huyu kola, huyu vifungo, na shati haliruki mtu. Aliyeshona kola waliishia kumwita Kola. Aliyemfuata alikuwa dada wa mumewe, naye walimwita Kifungo. Wenyewe waliitana wifi. Waliishi nyumba moja, walitoka pamoja asubuhi, na Kola akikawia, Kifungo alikaa bure na mashati yake hayakuongezeka.

Msimamizi alikuja na daftari lake. "Kola yuko wapi?"

"Muulize akija," Kifungo alisema.

"Akija kutoka wapi?"

"Ndiyo na mimi nangoja nisikie, bosi."

Kola alirudi saa nane na dakika tano, akitembea karibu na ukuta kama mtu anayepita ngazi isiyo na reli. Alikaa, akavuta mashati. Msimamizi akamuuliza alikuwa wapi.

"Chooni."

Shavu lake la kushoto lilikuwa na mistari, ile mistari ya kitambaa kigumu kikilaliwa. Kifungo aliitazama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na watatu wanne:

"Wifi, choo gani hicho kina mto?"

Mafundi wakacheka. Kola naye akacheka kidogo, maana asiyecheka huonekana ana neno. Kisha akainama kwenye kazi, na mpaka saa kumi na moja jioni kola zake zilikuwa zimefika idadi ileile ya kila siku. Hilo hakuna aliyelitaja.

Kulikuwa na mambo mengine kwake, lakini yote yalikuwa na majibu. Kucha zake zilikuwa na vishimo vidogovidogo, wakasema sindano. Vidole vyake asubuhi vilikataa kukunjika mpaka avitie kwenye maji ya moto, wakasema mkasi. Kisigino kilimuuma, wakasema pedali. Kila ufundi una alama zake, na mafundi huzitaja kwa fahari kidogo. Uchovu tu ndio haukuwa na jibu. Wote walifanya kazi ileile, saa zilezile, na wao hawakupotea.

Jioni hiyo mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bomba kwa sababu ya kazi yake, alimkuta dada yake amekaa jikoni akimngoja. Ncha za vidole vya Kifungo zilikuwa za buluu kama kila siku. Alama za mahali pa vifungo ziliwekwa kwa chaki, na yeye ndiye aliyezipangusa.

"Mdogo wangu, kaa."

"Dada, nimeshika mabomba ya vyoo vya watu toka asubuhi. Niache ninawe."

"Nawa, halafu kaa."

Alinawa, akakaa.

"Mkeo anapotea."

"Anapotea vipi? Si yule chumbani?"

"Chumbani yupo. Kazini ndiko anakopotea. Kila siku baada ya chakula, mwezi wa pili huu. Sikusema mapema, nilidhani ni choo kweli."

Bomba aliingia chumbani. Mkewe alikuwa kitandani na koti jeusi la kazi bado mwilini, kiatu kimoja kimevuliwa na kimoja bado.

"Umelala?"

"Hapana. Nimejilaza."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyelala anapumzika."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Jana umelala saa tatu. Leo umeamka saa kumi na mbili. Hayo ni masaa tisa, bibie. Sasa huo uchovu unatoka wapi?"

"Ningejua ningekuambia. Naamka nao. Ni kama mtu amenivika nguo za maji, nzito, na kila nikivua moja kuna nyingine chini yake."

"Simu ikikaa kwenye chaji usiku kucha, asubuhi haina moto," Bomba alisema polepole, "mtu hailaumu simu. Anauliza nani aliitumia."

Kola alitabasamu, akidhani ni utani. Haukuwa utani wote.

Toka siku hiyo Bomba alianza kuangalia. Aliona kwamba mkewe sasa hafungui kitambaa cha kichwa hata akiwa kitandani, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliziona nywele zake. Aliona kwamba akimgusa bega hukwepa. Wakati wa uchumba Kola alimwonyesha mabaka kwenye viwiko na kumwambia ni ukurutu wa ukoo wao, mama yake alikuwa nao. Jambo hilo lilikwisha siku hiyohiyo na Bomba hakulifikiria tena. Alichofikiria sasa ni saa saba na nusu mchana.

Mwishowe alisema, "Twende hospitali tujue moja." Hakusema la pili lingekuwa lipi.

Daktari kijana aliwasikiliza kwa dakika chache, akaandika vipimo, damu ikatolewa chupa mbili. Siku mbili baadaye Bomba aliipitia karatasi ya majibu peke yake, akaiweka juu ya meza ya chakula. Kifungo ndiye aliyeisoma kwa sauti.

"'Damu haina kasoro. Kipimo cha baridi yabisi hakijaonyesha kitu.' Haya. Hakijaonyesha kitu, maana yake hakuna kitu."

"Maana yake hawakukiona," Kola alisema.

"Aa, wifi! Mashine ya hospitali nayo inakuonea?"

Kola alinyoosha mkono apewe karatasi yake. Bomba aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe. Hakumaanisha ubaya, lakini mkono wa mkewe ulibaki juu ya meza ukiwa mtupu, na wote watatu wakautazama.

Jumapili iliyofuata Kola aliamka mapema akafua nguo za nyumba nzima, mashuka na mapazia, asubuhi moja. Aliimba kidogo ili asikike. Bomba aliona moyo wake ukitulia: kumbe akitaka anaweza. Jumatatu Kola hakuweza kuinua kikombe kwa mkono mmoja, na Jumanne aliomba ruhusa asiende kazini. "Unaona?" Kifungo alimwambia mdogo wake wakiwa mlangoni. "Ya nyumbani anaweza, tena kwa nyimbo. Ya kazini ndiyo yanamshinda. Kuna mtu huko anamchosha."

Alhamisi Kola alirudi kazini. Jioni Kifungo alichukua koti lake jeusi kutoka kwenye msumari, akampelekea mdogo wake uani, akalitandaza mbele ya macho yake kama muuza nguo.

"Tazama mabegani."

Palikuwa na chembe nyeupe, nyepesi, nyingi.

"Vumbi," Bomba alisema.

"Koti nililipangusa mimi mwenyewe asubuhi, makusudi. Na vumbi la pale ni nyuzi. Hii ni chaki. Sasa niambie, karakana nzima nani anashika chaki kutwa?"

Bomba alilisogelea koti.

"Mkata kitambaa, yule tunayemwita Mkasi. Mwanamume mjane, ana miaka mitatu peke yake. Na ufunguo wa stoo anao nani? Yeye."

"Dada, hayo ni maneno mazito."

"Mimi niliachwa hivihivi." Sauti yake ilishuka, na koti likashuka nayo. "Ilianza na harufu ya sabuni ambayo sisi hatukuitumia. Niliponusa wakaniambia nina wivu. Wewe mwenyewe uliniambia."

Ni kweli alimwambia. Labda ndiyo sababu safari hii hakubisha. Vidole vya dada yake, vilivyoshika koti pande zote mbili, vilikuwa vya buluu, lakini hakuna aliyetazama vidole.

Ijumaa, saa saba na dakika arobaini mchana, Bomba alifika kwenye lango la karakana na sanduku la vifaa.

"Kuna bomba limepasuka?" mlinzi aliuliza.

"Lipo."

Alipitishwa. Alitembea katikati ya mashine mpaka kwenye meza ndefu ya kukatia. Mkasi alikuwa ameinama juu ya tabaka ishirini za kitambaa, mtu mwembamba, miwani puani, mkono mmoja umebana rula. Bomba aliweka sanduku juu ya kitambaa cheupe. Mashine zikaanza kunyamaza kuanzia zile za karibu.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ndugu, toa kwanza sanduku, lina grisi."

"Nimekuuliza. Anarudi nyumbani na chaki yako mabegani. Ulikuwa unampima koti?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mkasi aliinua sanduku mwenyewe, akaliweka chini, akatazama kitambaa kama kimechafuka. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki, akachora mstari mmoja mbele ya Bomba.

Mstari ulikuwa wa buluu.

"Toka muhula uanze tunashona mashati meupe," Mkasi alisema. "Chaki nyeupe juu ya shati jeupe ningeiona kwa macho gani?" Akavuta droo. Ndani kulikuwa na chaki za buluu, na mbili nyekundu. "Nyeupe haipo humu ndani. Muulize yeyote. Muulize dada yako."

Watu wote wakageuka. Kifungo alikuwa amekaa na shati magotini, akitazama ncha za vidole vyake. Muhula mzima alikuwa amepangusa chaki hiyo. Lakini jana, alipokuwa na koti mkononi, hakuwa akikumbuka chaki. Alikuwa akikumbuka sabuni.

Bomba alipaswa kuondoka hapo. Badala yake alisema, "Basi yuko wapi?"

Msimamizi alikuwa ameshafika na daftari lake. Mkasi alimwona. Akamsogelea Bomba, akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba:

"Ndugu yangu, ukiuliza hapa unawaulizia wote. Nenda nyumbani. Muulize yeye jioni."

"Nauliza hapa."

Mkasi alitazama saa ya ukutani, akavua miwani, akatoa ufunguo mfukoni.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la juu. Nyuma ya majora ya kitambaa, juu ya viroba vitupu vilivyokunjwa vizuri, Kola alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, kama mtoto aliyezidiwa na homa. Viatu vilikuwa pembeni, vimepangwa. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba chote, toka shina mpaka kwenye kucha. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeteleza. Bomba aliona utosi wa mkewe kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Ngozi ilikuwa nyekundu, imefunikwa na magamba meupe, na magamba hayo yalikuwa yakidondoka yenyewe mabegani, juu ya koti jeusi.

Hakuna aliyesema chaki.

"Toka lini?" msimamizi alimuuliza Mkasi.

"Toka muhula uanze. Dakika arobaini. Muda wa chakula haumtoshi, hula robo saa akaja kulala. Zikitimia nabisha mlango, anaamka. Hesabu kola zake, bosi, kama zimepungua hata moja."

"Sikuuliza kola. Nimeuliza muda."

Kola aliamka kwa sauti zao. Aliona nyuso tatu zikiwa juu yake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta kitambaa cha kichwa kwa mikono yote miwili. Alipokipata na kujifunga ndipo alipomwangalia mumewe.

"Umefuata nini huku?"

Bomba aliokota kiatu kimoja, akampa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wakisimama kila baada ya nyumba tatu nne ili kisigino kipoe. Sanduku la vifaa lilikuwa mkono wa kushoto wa Bomba, upande aliokuwa mkewe, akalihamisha.

"Kwa nini umwambie yeye usiniambie mimi?"

"Sikumwambia. Alinikuta nimeanguka juu ya majora."

"Bado ungeniambia."

"Nilikuambia mara ngapi? Wewe ulitaka sababu. Yeye aliuliza aniamshe saa ngapi."

Walitembea nyumba nyingine nne.

"Na kichwa? Kwa nini ulinificha kichwa?"

"Ulianza kunitazama," Kola alisema. "Kabla hujaanza kunitazama nilikuwa nangoja siku nzuri nikuonyeshe."

Daktari wa viungo alipatikana hospitali kubwa, Jumatano, baada ya foleni ya toka alfajiri. Alikuwa mama mtu mzima mwenye mikono baridi. Hakuanza na damu. Alianza na vidole.

"Unashona?"

"Ndiyo, mama."

"Na vishimo hivi kwenye kucha?"

"Tunasema ni sindano."

"Sindano ikikosea huchoma kidole kimoja. Hii yako imekosea vyote kumi, sawasawa, kama kastabani." Kola akatazama kucha zake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amevaa kastabani, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, chenye vishimo hivyohivyo, na hakuwahi kuviweka pamoja.

Daktari alitazama utosi, viwiko, kidole cha mguu, akabonyeza kisigino Kola akaruka. Akawaambia jina: soriasisi, ugonjwa wa ngozi, ambao kwa baadhi ya watu huingia mpaka kwenye viungo. Kinga ya mwili inaupiga mwili wenyewe. Hauambukizi.

Bomba akatoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. "Lakini damu ilikuwa safi."

"Kipimo hiki kinatafuta ugonjwa mwingine. Huu wake mara nyingi hauonekani kwenye damu."

"Na kuchoka?" Bomba aliuliza. Alitaka kuuliza bila kuonekana anauliza. "Kuchoka huku ni kwa sababu ya maumivu? Au kazi?"

Daktari alimgeukia. "Kuchoka huku ni ugonjwa. Hata akikaa kitini wiki nzima unaweza kuja. Wengi wananiambia maumivu wanayaweza, hiki ndicho kinachowashinda, kwa sababu hakuna anayekiona."

"Dawa zitakiondoa?"

"Viungo, nina matumaini navyo. Ngozi pia. Kuchoka siwezi kuwaahidi. Wengine kunapungua, wengine kunabaki."

Kola alianza kulia, taratibu, bila kufuta machozi. Bomba alidhani analilia ugonjwa. Alikuwa analia kwa sababu mtu amesema "hakuna anayekiona" na mumewe alikuwepo chumbani, akasikia.

Alhamisi walipeleka barua ya daktari karakana. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho, hata muhuri aliusoma.

"Barua nzuri," alisema. "Ingetangulia wiki moja tu."

"Ingetangulia ingekuwaje?" Bomba aliuliza.

"Ningejua mimi peke yangu, ningetafuta namna. Sasa wamejua wote. Leo nikimpa Kola dakika arobaini, kesho wote kumi na watatu wanazitaka. Na mnyororo ndugu yangu hauna nusu mtu." Akamgeukia Kola, sauti yake ikalegea. "Kazi yako haikuwa na kasoro. Hilo nitaliandika."

Akaliandika, katika barua ya kumwachisha kazi. Mkasi alipewa barua ya onyo na kunyang'anywa ufunguo wa stoo. Walipopita karibu na meza yake alikuwa ameinama juu ya kitambaa, na Kola alisimama hapo kitambo. "Asante kwa kubisha," alisema. Mkasi aliitikia kwa kichwa bila kuinua uso, maana Bomba alikuwa nyuma ya Kola.

Kifungo hakuomba msamaha. Kwa siku mbili alizunguka nyumbani akipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Siku ya tatu alikuja sebuleni na shati lisilo na kola, akakaa sakafuni karibu na kochi alikokuwa wifi yake.

"Wamenihamishia mashine yako," alisema. "Wifi, unafanyaje ncha isilale? Mimi zangu zinatoka kama masikio ya mbuzi."

Kola akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha mkono mpaka kwenye mkoba wake wa kazi, akatoa kile kijiti. Alikuwa amekichonga mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi, na kimelainika kwa mikono yake.

"Usisukume katikati," alisema. "Sukuma pembeni kwanza. Halafu geuza."

Alimfundisha kwa jioni tatu, nusu saa kila jioni, kwa sababu zaidi ya hapo hakuweza.

Siku hizi Bomba hurudi nyumbani mchana kazi ikiwa karibu. Hubisha mlango wa chumba zikitimia dakika arobaini, na asipoitikiwa humwacha. Dawa zimepunguza uvimbe wa kidole. Utosi unapona. Kuchoka kupo. Bado kuna wakati Bomba husimama mlangoni akimtazama alivyolala, na Kola akifumbua macho humkuta na uso ule wa zamani, wa mtu anayepiga hesabu ya masaa, naye Bomba huuondoa haraka.

Jioni Kifungo hurudi kutoka kwenye mashine ya kola. Huvua viatu mlangoni na kusema, "Leo nimechoka." Hakuna anayemuuliza amechoka na nini. Kola hukunja miguu yake kwenye kochi, na wifi yake hukaa.